MIFUPA YA WATU SI MAWE YA MUGODI

Ndugu wafanyakazi wa migodi, ndugu wa muji, na ninyi wamama wa soko!

Mutu akiingia usiku katika nyumba yako na kutoka na sufuria moja, utapiga kelele, majirani wataamka, polisi ataitwa. Sasa mutu mwingine aingie katika chumba cha maiti cha hospitali, atoke na mufupa wa paja wa mutoto uliyemulilia jana, naye amevaa koti nyeupe na mufupa ameufunga vizuri katika karatasi safi. Huyu tutamwita nani? Ninyi mutasema: mwizi. Lakini katika Marekani, mwezi wa kwanza mwaka 1955, mukubwa mumoja wa Tume ya Nguvu za Atomiki aliwaambia wenzake katika mukutano wa siri kwamba mutu anayejua vizuri kazi ya kuiba maiti atakuwa anaitumikia inchi yake kweli kweli. Mukubwa huyo ni Willard Libby. Mwaka 1960 alipewa zawadi ya Nobel ya kemia, kwa kazi nyingine.

Nitaeleza kwanza walitafuta nini, kwa sababu mutu hawezi kuhukumu neno asilolijua.

Bomu la atomiki likipasuka hewani, moto wake unapandisha vumbi juu sana kupita mawingu. Vumbi lile halianguki lote siku ile. Sehemu yake inakaa huko juu miezi, hata miaka. Upepo unaizungusha dunia, kisha mvua inaishusha juu ya majani. Ngombe anakula majani, mutoto anakunywa maziwa ya ngombe. Ndani ya vumbi hilo muna kitu kinachoitwa strontiumu 90. Kinafanana na kalisiumu, ile chokaa inayojenga mifupa, hata mwili wa mutu unadanganyika: unakipokea na kukiweka ndani ya mufupa, kama vile fundi wa nyumba anavyopewa tofali bovu asilitambue, akalijenga katika ukuta. Kikisha kuingia kinapiga mionzi pole pole, na ikipita miaka 29 hivi nguvu yake imepungua nusu tu. Mutoto ndiye anayekikamata zaidi, sababu mifupa yake ingali inajengwa. Mionzi hiyo inaweza kuleta kansere ya mifupa na kansere ya damu.

Tangu 1945 mupaka 1980 inchi kubwa zilipasua mabomu zaidi ya 500 katika hewa wazi: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Ufaransa ilipasua la kwanza lake tarehe 13 ya mwezi wa pili 1960 kule Reggane, katika Sahara, juu ya udongo wa Afrika, na haikuwauliza wenye udongo. Vumbi lilifika kila upande wa dunia. Kaskazini lilianguka mingi kuliko kusini, lakini hakuna mutu aliyeketi mbali mingi hata likamukosa.

Basi wakubwa wa Marekani wakataka kujua: kiasi gani kimekwisha kuingia katika mifupa ya watu? Swali lenyewe ni zuri. Mimi silipigi vita. Mutu aliyepasua bomu anapaswa kupima madhara yake, kama vile kompani inayotoa moshi inapaswa kupima moshi. Mwaka 1953 wakaanza kazi waliyoiita Sunshine, maana yake Mwangaza wa Jua. Jina tamu mingi kwa kazi ya chumba cha maiti! Ili kupima walihitaji mufupa wenyewe: unachomwa mupaka unakuwa majivu, kisha majivu yanatiwa dawa na kupimwa kwa mashini. Na mifupa waliyoitamani zaidi ilikuwa ya watoto wadogo, hata ya wale waliozaliwa wakiwa wamekufa. Wakatuma maombi kwa wanganga katika inchi nyingi.

Je, waliwaambia wazazi? Hapana. Je, waliwaambia hata wanganga waliotuma mifupa? Angalieni ginsi walivyofanya. Kwa watu wa ng'ambo walisema kwamba wanapima radiumu, ile ya asili inayopatikana katika udongo na maji. Kazi ya bomu waliificha nyuma ya radiumu.

Mutu wa Katanga akisikia neno hilo anapaswa kusimama kidogo. Radiumu! Tangu 1921 Union Minière ilichimba mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, kwa ajili ya radiumu. Mawe yalikwenda Ubelgiji, katika kiwanda cha Olen, nayo radiumu iliuzwa kwa bei inayopita zahabu mara nyingi. Uraniumu iliyokuwa ndani ya mawe yale haikuwa na wanunuzi wengi. Kisha vita ikaja. Mukubwa wa kompani, Edgar Sengier, alituma New York mawe karibu tani 1.200, yakakaa ndani ya mapipa katika kisiwa cha Staten Island. Na mwezi wa tisa 1942 koloneli wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alikwenda kuyanunua. Mawe yale yalikuwa na utajiri usioonekana pengine: zaidi ya nusu ya jiwe ilikuwa uraniumu, na katika migodi ya Marekani na Kanada mutu alifurahi akipata hata kipande kimoja juu ya mia. Sehemu kubwa ya uraniumu ya mabomu ya kwanza ilitoka mikononi mwa baba zetu. Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Baba waliojaza magunia walipewa poshoo.

Kwa hiyo maneno haya si maneno ya watu wa mbali. Jiwe lilitoka kwetu, likawa moto, moto ukawa vumbi, vumbi likaingia katika mifupa ya watoto wa watu. Na walipokwenda kuiba mifupa ile, wakatumia jina la kitu kilichotoka kwetu ili kuficha wizi.

Nirudi kwenye mukutano ule wa 1955, kwa sababu pale kuna neno lingine ambalo maskini wa kila inchi anapaswa kulijua. Munganga mumoja wa mawe na udongo wa Universite ya Columbia, J. Laurence Kulp, aliwaeleza wenzake mahali mifupa inapopatikana bila taabu. Alitaja Houston, muji wa Texas. Kwa nini Houston? Alisema huko hakuna masharti mengi, na kuna maskini wengi, hata karibu kila maiti ya umri unaotakiwa inaweza kupatikana. Ndiyo hivyo, ndugu. Mwenye mali akifiwa, wakili wake anasimama mulangoni. Maskini akifiwa, anaambiwa angoje inje.

Maneno ya mukutano huo yalifungiwa miaka 40. Yalitoka mwaka 1995 tu, wakati kamati iliyowekwa na Rais Clinton ilipofungua mikanda ya siri. Wengi wa wazazi wale walikwisha kufa bila kujua kwamba walizika mutoto aliyepunguka.

Wala haikuwa Marekani peke yake. Katika Australia walichukua mifupa ya wafu tangu 1957 mupaka 1978, vipande karibu 22.000, vingi vya watoto wachanga na vijana, na jamaa hazikuulizwa. Katika Uingereza jambo linatukaribia sisi watu wa kazi zaidi. Kule Sellafield, kiwanda kikubwa cha atomiki, wafanyakazi 64 walipokufa walitolewa viungo vya ndani ili vipimwe, mapafu, maini, mifupa. Mutu alitumika miaka yake yote, alipimwa kila mara akiingia na akitoka, na alipokufa wakamupima tena bila kumuuliza muke wake. Ripoti ya uchunguzi ilitoka mwaka 2010, na waziri akasimama mbele ya bunge kuomba musamaha. Musamaha ni neno zuri, lakini hausomi wala hauandiki: wajane waliotaka kujua nini kilichoonekana katika mapafu ya wanaume wao walikuwa wamekwisha kuzeeka.

Sasa nisikie sauti ya wale wenye elimu wanaopenda kutujibu. Wanasema: "Ninyi munalia juu ya wafu. Wafu hawasikii maumivu. Kupima kule kuliokoa walio hai." Haya, twende kwa walio hai.

Tarehe 1 ya mwezi wa tatu 1954 Marekani ilipasua bomu kubwa katika kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Walingoja nguvu ya megatoni sita hivi, wakapata 15. Kisiwa cha Rongelap kiko mbali kilomita 150 hivi. Huko walikuwapo watu 64, wavuvi na wakulima wa minazi. Vumbi jeupe likawaangukia kama unga, watoto wakalichezea. Jioni walianza kutapika, ngozi ikawaka, nyuma ya siku nyingi nywele zikawatoka. Siku mbili zikapita mbele masua ya kuwatoa haijafika. Katika siku zile zile wavuvi 23 wa Japani waliokuwa katika masua yao baharini walipata vumbi hilo, na mumoja wao, Aikichi Kuboyama, alikufa mwezi wa tisa.

Wanganga wa Marekani walifika kwa watu wa Rongelap haraka, na kazi yao ilipewa namba na jina: Kazi 4.1, kuchunguza watu waliopigwa na mionzi. Mwaka 1957 watu wakarudishwa kwao, wakaambiwa kisiwa ni salama. Wakala samaki, kaa na nazi za udongo ule ule. Kila mwaka wanganga walirudi kwa masua, wakachukua damu, wakachukua mukojo, wakawaingiza watu mumoja mumoja katika chumba cha chuma kizito kinachohesabu mionzi inayotoka ndani ya mwili. Na mashini ikawaambia wazi: sesiumu 137 na strontiumu 90 katika miili ya watu hawa zimepanda tangu walipokula tena chakula cha kwao. Namba zikaandikwa. Watu wakaachwa pale pale!

Ndugu, huko nyuma, mwezi wa kwanza 1956, mukubwa wa afya katika Tume ile ile, Merril Eisenbud, alikuwa amesema katika mukutano kwamba itapendeza mingi kupata vipimo vya watu wa visiwa hivi. Akaeleza kwamba hawaishi kama watu wastaarabu, lakini wanafanana na sisi kuliko panya. Hayo yako katika mikanda ya mukutano wao wenyewe. Sisi tuliokua chini ya Wabelgiji hatuhitaji mutafsiri kwa neno la namna hii.

Tangu 1963 uvimbe ulianza kutokea katika tezi za koo za watu wale, wa watoto kwanza. Kijana aliyekuwa na mwaka mumoja siku ya vumbi alikufa kwa kansere ya damu mwaka 1972. Mwaka 1985 watu wa Rongelap waliondoka wenyewe kwa musaada wa masua ya Greenpeace, si ya serikali. Baadaye korti la madai ya visiwa vyao likakata hesabu ya zaidi ya dolari miliari mbili. Katika sanduku mulikuwa na kipande kidogo tu cha mali hiyo.

Basi tuwajibu wenye elimu. Kupima hakukuwaokoa watu wa Rongelap, kwa sababu aliyepima hakupima kwa ajili yao. Kipimo ni kama tochi ya mugodini: inamulikia aliyeishika. Mwenzake aliye nyuma gizani anaweza kuanguka shimoni akiwa karibu na taa.

Na wasituambie kwamba hakukuwa na njia nyingine. Njia ilikuwako, tena katika inchi yao wenyewe, tena ya bei ndogo kabisa. Mwezi wa kumi na mbili 1958, katika muji wa Saint Louis, kamati ya raia na wanganga wa Universite ya Washington ya pale walianza kukusanya meno ya utoto, yale yanayong'oka yenyewe mutoto akifika miaka sita au saba. Jino linajengwa kwa chokaa kama mufupa, na strontiumu inakaa ndani yake. Anayejua mutoto alizaliwa mwaka gani na wapi, anajua vumbi la mwaka gani limo katika jino. Munganga wa kike Louise Reiss ndiye aliyeongoza kazi mara ya kwanza. Aliiba? Alikwenda usiku kwenye makaburi? Aliomba! Karatasi zilipelekwa katika masomo, makanisa na maktaba. Mama alijaza jina, tarehe ya kuzaliwa, mutoto alikunywa maziwa gani. Na mutoto aliyetuma jino alirudishiwa kialama cha kuvaa kifuani, kilichoandikwa kwamba ametoa jino lake kwa ajili ya sayansi. Watoto walikishindania. Mupaka 1970 walipata meno karibu 320.000. Wezi wa maiti walisafiri dunia nzima wakapata mifupa elfu kadhaa, na muji mumoja ulioulizwa kwa adabu ulitoa meno kwa magunia.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa 1961, wazi, kila mutu asome. Hesabu ilipokwisha ilionyesha kwamba watoto waliozaliwa 1963 walikuwa na strontiumu 90 mara 50 hivi kuliko wale waliozaliwa 1950. Mama aliyesoma vile hakulala. Wazazi wakaandika barua, wakaandamana, wakawashika wabunge mikono. Tarehe 5 ya mwezi wa nane 1963, kule Moscow, Marekani, Urusi na Uingereza walitia sahihi mapatano ya kuacha kupasua mabomu hewani, baharini na juu ya mbingu. Ufaransa na China hawakutia sahihi, wakaendelea. Lakini strontiumu katika meno ya watoto waliofuata ilianza kushuka.

Elimu ilikuwa ile ile, mashini zile zile, strontiumu ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye jino alijua.

Sasa tutoke Saint Louis, tuje kwetu. Mugodi wa Shinkolobwe ulifungwa 1960 na shimo likatiwa saruji. Miaka ya mwisho ya 1990 njaa iliwarudisha watu pale, wachimbaji wa mikono, kutafuta kobalti. Mwezi wa kwanza 2004 Rais alipiga mari kuchimba pale. Mwezi wa saba mwaka ule ule udongo ulianguka na kuua watu wanane. Kisha watu wa Umoja wa Mataifa walikuja kupima. Mwaka 2009 wanganga wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven walitoa kazi nyingine: walipima mukojo wa watu 351 wa Katanga. Wanaokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilomita tatu, walikuwa na kobalti nyingi katika mwili, nyingi kuliko iliyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote. Na watoto walipita watu wazima. Madini mengine pia yalizidi, hata uraniumu.

Wanganga hawa hatuwaweki katika kundi la wezi. Walifanya kazi ya maana, na bila wao tungeendelea kuambiwa kwamba vumbi la barabarani ni vumbi tu. Lakini kazi yao ilichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la ng'ambo. Katika kartie za Likasi na Kolwezi, mama anayefua nguo nyekundu za vumbi anasoma Kiingereza gani?

Kwa hiyo tunasema hivi, na tunalisema kwa wakubwa wa hospitali, kwa Universite, kwa kompani za migodi na kwa serikali. Mutu akitaka damu, mukojo, nywele au jino la mutoto wa Katanga, aseme kwanza kwa Kiswahili anatafuta nini, nani anamulipa, na namba zitakwenda wapi. Mutu akikataa, asifukuzwe kazi wala asinyimwe dawa. Akikubali, apewe mukanda wenye namba yake mwenyewe, na chini yake iandikwe kipimo cha mutu mwenye afya ili alinganishe. Wafanyakazi wa migodini waulize daktari wa kompani kila wanapopigwa picha ya kifua: picha yangu iko wapi? Tangu zamani kompani ilitupima uzito, ikatupima mapafu, ikaandika katika fishi yake, na fishi ikakaa katika kabati ya mukubwa. Wakuu wa sendika walibebe neno hili katika mazungumzo ya mushahara, lisiachwe nyuma kama jambo la wanganga.

Na wamama waliotoa mukojo wa watoto wao mbele ya 2009, watoto hao sasa ni watu wazima, wengine wanatumika katika migodi ile ile. Universite iwaitishe kwa jina, kartie kwa kartie, na kuwasomea namba zao.